Msituletee mamluki, wafupi wetu wanatosha!

Najua nimekuwa kimya. Sijahama nchi, ni mitihani tu, ni maandalizi ya TP, ni bumu lililochelewa, yaani mambo yote yamekuja kwa mpigo. Leo nilitaka kuandika kuhusu shida ya maji huku kwetu Mabatini lakini hiyo itasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa nitalala nalo tena.

Ni kuhusu timu yetu ya kikapu ya wanaume. Niseme mapema ili wenye haraka zao waondoke na ujumbe: hatuhitaji mamluki, na wale vijana mnaowaita "wa kujazia" hawajazii chochote. Wao ndo timu yenyewe. Haya, mliobaki kaeni vizuri.

Kwa msiofahamu, timu imebaki na watu saba. Mrefu mmoja kamaliza chuo. Mwingine goti limemkatalia. Wengine wawili wako TP, mmoja Geita mwingine Sengerema, hawarudi kabla ya mashindano ya vyuo. Kati ya hao saba waliobaki hakuna hata mmoja anayefika mita 1.85. Watatu kati yao hawakuwahi kuwa wachezaji wa kikapu kabisa, walijitokeza tu mwaka huu mazoezi yalipokosa watu.

Jumatano kikafanyika kikao cha michezo. Pendekezo likatoka: tuchukue warefu watatu kutoka timu za mtaani, tuwatafutie vitambulisho, wavae jezi zetu, mambo yaishe. Ukumbi ukapiga makofi! Jamaa mmoja akasimama akasema hawa maandunje watabeba maji. Watu wakacheka mpaka wakagonga meza. Na maandunje wenyewe walikuwemo humo ndani, wamekaa mstari wa nyuma, wametoka mazoezini na jasho halijakauka.

Hakuna uamuzi uliopitishwa, kikao kinarudi Jumatatu. Ndo maana naandika leo.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno la kujazia. Wenzetu Marekani mchezaji wa chuo anaweza kulipiwa masomo kwa sababu ya kikapu. Kwa miaka mingi timu moja ya daraja la juu iliruhusiwa skolashipu 13. Pembeni ya hao kulikuwa na wanaojitokeza wenyewe, hawalipwi, wanaomba tu kufanya mazoezi na timu na wakibahatika wanapewa jezi. Huko neno la kujazia lina maana kidogo maana kuna waliolipiwa na wasiolipiwa. Sasa nionyesheni hapa chuoni kwetu ni nani aliyelipiwa ada kwa sababu anacheza kikapu? Hakuna! Hata yule mrefu aliyemaliza alijitokeza tu siku moja na raba zake. Tofauti yake na hawa ni sentimeta, basi. Yeye mlimwita nyota, hawa mnawaita wa kujazia.

Tena mnajua wanachofanya pale uwanjani? Mmoja tunapanga nyumba moja huku Mabatini, kule juu kwenye mawe, ambako bodaboda inakushusha chini halafu unamalizia kwa miguu. Ana mita 1.68. Kila alfajiri anapandisha ndoo mbili za lita ishirini kabla hajaoga kwenda chuo. Huyo ndiye anayemkaba pivoti wa timu pinzani. Anafanyaje? Hashindani naye kuruka, hana wazimu. Anamfuata mapema, anainama, anamwekea nyonga na mkono, anamsogeza hatua moja mbali na goli kabla pasi haijafika. Hatua moja tu. Mrefu akipokea mpira yuko mahali ambapo hakupapenda. Na mpira ukirushwa kwenye ubao yeye haangalii juu, anamtafuta mtu wake, anamkalia kwa mgongo, mpira unadunda chini halafu mwenzake anauokota. Kwenye karatasi ya matokeo jina lake halionekani. Mimi ndiye ninayekaa mezani kuandika hiyo karatasi, kwa hiyo msinibishie.

Wa pili anasoma Hisabati na Fizikia, alikuwa golikipa wa mpira wa miguu sekondari. Anasoma pasi kabla haijatoka mkononi mwa mtu. Wa tatu yuko Kiswahili na Historia, pumzi anayo lakini kufunga bado kabisa. Ila ndiye anayeleta mpira mbele timu ikibanwa, maana anaudundisha chini ya goti na mrefu hawezi kuinama mpaka kule bila kucheza faulo.

Sasa twende kwenye hoja za wakubwa wa Jumatano, moja baada ya nyingine.

HOJA YA KWANZA: Kikapu ni mchezo wa warefu.

Nani kawaambia? Mchezo huu ulibuniwa na mwalimu, na sisi watu wa elimu tulipaswa kulijua hilo kabla ya wengine. James Naismith, Desemba 1891, mji wa Springfield, Marekani. Alipewa darasa la wanafunzi 18 waliochoka na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akawagawa tisa kwa tisa. Kuhusu goli, alifikiri hivi: likiwa chini kama la mpira wa miguu, watu watarusha kwa nguvu na kuumizana. Likiwa juu ya vichwa, litamlazimisha mtu arushe kwa upole, mpira upinde kama upinde wa mvua. Akapigilia vikapu kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi. Ukingo ule ulikuwa kama mita 3.05 kutoka chini, na mpaka leo goli liko hapohapo. Kwa hiyo goli liliwekwa juu ili ustadi ushinde nguvu, halafu ninyi mnalitumia kuwafukuza wenye ustadi!

Mnataka mfano? Muggsy Bogues, mita 1.60, mfupi kuliko nusu ya watu waliocheka Jumatano. Alitoka chuo cha Wake Forest, akaingia NBA mwaka 1987 akiwa chaguo la 12, akacheza misimu 14. Msimu wake wa kwanza pale Washington alicheza timu moja na Manute Bol wa Sudan, mita 2.31. Timu moja, benchi moja, basi moja. Hakuna aliyemwambia Bogues abebe maji.

Najua mtaniletea Hasheem Thabeet. Namheshimu sana, mita 2.21, mtoto wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, chaguo la pili mwaka 2009. Lakini sisi tulijifunza somo gani kutoka kwake? Tuliona urefu tu. Tukasahau kwamba alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, na kwamba chuo cha Connecticut kilimfundisha kwa miaka mitatu mpaka akawa mzuiaji bora wa ligi yake mara mbili mfululizo. Alifundishwa jamani! Urefu alizaliwa nao, kuzuia alifundishwa.

Tena mwaka huohuo wa 2009, mwezi Februari, Connecticut walikutana na Pittsburgh. Pittsburgh walikuwa na DeJuan Blair, mita 2.01, karibu kiganja kizima chini ya Thabeet. Blair alitumia makalio na miguu, akakaa mbele ya mtu wake kila mpira uliporuka, akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Simsemi Thabeet vibaya, siku mbaya humpata kila mtu. Nasema kuhusu nafasi: anayefika kwanza na kukaa chini anamshinda anayefika baadaye akiwa juu.

Na waliochaguliwa nyuma yake kwenye orodha ya 2009, wa saba alikuwa nani? Stephen Curry, mita 1.88. Vyuo vikubwa vilimwona mwembamba na mfupi. Virginia Tech, chuo alichochezea baba yake mzazi, kilimpa nafasi ya kujitokeza tu bila skolashipu. Akaenda Davidson, chuo kidogo ambacho wengi wetu tusingekijua bila yeye. Leo ana mataji manne ya NBA: 2015, 2017, 2018 na 2022. Huyo ndiye "wa kujazia" waliyemkosa Virginia Tech.

HOJA YA PILI: Watu saba hawatoshi.

Sheria za kimataifa za FIBA zinasema hivi. Ili kuanza mchezo unahitaji watano. Ukishindwa kuwafikisha watano ndani ya dakika 15 baada ya muda uliopangwa, umepoteza 20 kwa 0. Ukishaanza, unaruhusiwa kuendelea hata wakibaki wawili. Akibaki mmoja ndo mchezo unaisha. Sisi tuna saba. Saba ni watano na wawili wa kupumzishana.

Novemba 2017 timu ya chuo cha Alabama ilicheza na Minnesota pale Brooklyn. Ukatokea mzozo uwanjani, benchi zima la Alabama likasimama na kuingia ndani, waamuzi wakawatoa wote. Kisha mmoja akatimiza faulo zake, mwingine kifundo cha mguu kikamgeuka. Wakabaki watatu dhidi ya watano kwa zaidi ya dakika kumi! Unajua walifanyaje? Katika dakika hizo watatu walifunga pointi 30, watano wakafunga 22. Kijana mmoja, Collin Sexton, alimaliza mchezo na pointi 40. Walipoteza, 89 kwa 84. Walipoteza kwa pointi tano wakiwa watatu. Sisi tukiwa saba tunaogopa hata kupanda basi!

Nakubali kwamba watu saba wanabana. Kila mmoja ana faulo tano, akizimaliza anatoka. Ndo maana lazima wafundishwe kucheza kama timu ya watu saba. Wakabe eneo badala ya kukaba mtu kwa mtu, faulo zipungue. Wakipata mpira wasikimbie kila mara, watumie zile sekunde 24 ili wavute pumzi. Halafu dakika chache zilizochaguliwa wawabane wapinzani kuanzia chini ya goli lao, maana warefu wengi hawapendi kudundisha mpira na wana sekunde nane tu za kuvuka nusu ya uwanja. Haya ni mambo ya kufundishika, ndani ya wiki tatu yanakaa kichwani. Lakini nani awafundishe ikiwa kocha kila siku yuko kwenye simu anatafuta warefu?

HOJA YA TATU: Wenzetu wote wanatumia mamluki.

Hii ndo iliyoniuma kuliko zote. Kwa sababu waliopiga makofi nyuma ya hoja hii wengi ni wenzangu wa ualimu.

Hivi tunajisikia? Miaka miwili mitatu ijayo tutakuwa Magu, Misungwi, Kwimba, Ukerewe, tumepewa vipindi na timu za shule. Tutapeleka watoto UMITASHUMTA na UMISSETA. Kila anayefuatilia michezo hiyo anajua kelele za mamluki. Mtu mzima mwenye ndevu analetwa acheze jina la mwanafunzi, na mtoto wa kidato cha pili aliyefanya mazoezi mwaka mzima anaambiwa akae, mwaka huu si wako. Mtoto yule haulizi kuhusu sheria. Anajifunza jambo moja tu, kwamba kujituma ni ujinga. Na atakayemfundisha hivyo ni mimi na wewe, tulioanza kulizoea hapa.

Tena kitambulisho cha kutengeneza si utani wa kikaoni, ni kughushi. Timu pinzani ikikata rufaa, pointi zinafutwa, na anayeitwa kamati ya nidhamu ni mwanafunzi mwenye namba ya usajili. Mamluki mwenyewe atakuwa kesharudi mtaani.

Nasikia mnasema ooh, tunatafuta heshima ya chuo. Heshima gani ya kuazima? Wakishinda wale watatu, kilichoshinda ni timu ya mtaani iliyovaa jezi zetu.

Sisi watu wa ziwani tulipaswa kuwa na akili zaidi kwenye hili. Miaka ya 1950 na 1960 ziwa Victoria lilipandikizwa sangara, samaki mkubwa wa kutoka nje, eti atuneemeshe. Pesa alileta, sikatai, viwanda vikajengwa. Lakini alimeza furu wetu, aina nyingi hazionekani tena. Nani alibaki naye sambamba? Dagaa! Kile kisamaki cha kidole ndicho leo kinachoongoza kwa uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani, na ndicho kinachofika kwenye sahani ya mtu wa Mabatini. Sangara anapanda ndege. Msidharau dagaa.

Basi, kulalamika tu si kazi. Mapendekezo yangu ni haya:

1. Hela iliyopangwa kuwasafirisha, kuwalaza na kuwalisha mamluki watatu inunue raba za vijana saba. Sasa hivi wawili wanapokezana jozi moja mazoezini. Mlango Mmoja kuna raba nzuri za mtumba, na chenji ya maji itabaki.

2. Wote saba waandikwe kwenye orodha rasmi, wapewe jezi, posho sawa na viti ndani ya basi. Safari iliyopita wa kujitokeza walijilipia nauli.

3. Mazoezini wanakosa watu wa kufanya watano kwa watano. Timu ya dada zetu iko palepale na inacheza vizuri. Wachanganywe mazoezini. Anayeona aibu kukabwa na dada basi huyo ndiye tatizo.

4. Kocha apewe kazi ya kufundisha. Kutafuta warefu si kufundisha, ni kuokota.

5. Jumatatu njooni mpige kura, msikae kantini mkisema "ndo chuo chetu hiki".

Je, tutafungwa? Inawezekana sana. Kuna vyuo vina warefu wao halali, wamecheza pamoja miaka mitatu, watatusumbua. Sitawadanganya kwamba ufupi ni dawa. Mrefu aliyefundishwa ni bora kuliko mfupi aliyefundishwa, hilo liko wazi. Lakini sisi hatuna mrefu aliyefundishwa. Tuna wafupi saba walio tayari kufundishwa, na wahenga walishasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Timu ikifungwa kwa pointi ishirini ikiwa na watu wake, mwakani itakuwa na watu saba wenye uzoefu. Timu ikishinda kwa mamluki, mwakani itakuwa na kombe moja kabatini na watu sifuri.

Kwa wale mliocheka Jumatano, nina ombi moja dogo. Mazoezi ni kila siku saa kumi na moja jioni. Njooni mara moja tu, mvue mashati yenu ya kupiga pasi, mjaribu kumtoa yule kijana wa ndoo chini ya goli. Mimi nitakuwa mezani na kalamu yangu, nitaandika kila mpira mtakaoupata. Naamini karatasi itabaki nyeupe.

Nawasilisha.